Mtukaneni Baba Shani

Wodi ya wanaume, Morogoro
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu Nyamizi,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake sasa hivi, kisha ondoka hapo alipo ukatafute pa kukaa peke yako, maana humu ndani kuna mambo ya kusomwa na mtu mmoja. Goti lake linaendeleaje? Na wewe kifua chako, au bado unashinda kwenye moshi wa bani la kukaushia tumbaku kama vile mapafu ni ya kuazima? Nauliza huku nikijua majibu yatanikuta kwingine, lakini siwezi kuanza na yangu kabla sijawajulia hali.

Utashangaa kwa nini naandika barua na simu ninayo. Nikiongea kwenye simu Baba Shani anasikia, kiti changu na kitanda chake havipishani hata hatua moja. Nikitoka nje anajua nimetoka kumsema. Na huko Sikonge nanyi mnaweka sauti kubwa, mama anasikia, jirani anasikia, hadi muuza vitumbua anasikia. Basi nimechana karatasi kwenye daftari la Shani, ambaye amekuja na chakula kutoka chuoni kwake Mazimbu, na yeye ndiye atakayeifikisha stendi kwa kondakta wa basi la Tabora.

Dada, naogopa. Naliandika neno hili mapema ili nisilizunguke. Shemeji yako ana saratani ya tezi dume, na imeshatoka kwenye tezi ikaingia kwenye mifupa ya mgongo. Jumatano wamemfanyia upasuaji. Mguu wake wa kulia hausikii. Kesho tunapelekwa Dar kwa gari la wagonjwa akapigwe mionzi, na hakuna aliyeniambia kama atarudi anatembea au atarudi amebebwa. Yale niliyowaambia kwenye simu, kwamba ni mgongo na mkojo kidogo, niliyasema yeye akiwa ananitazama usoni, nikashindwa kusema zaidi.

Nina ombi, tena kubwa. Ila hutalielewa mpaka nikueleze nilivyokosea.

Unakumbuka alivyokuja huko na lori la kufuata tumbaku, Mluguru wa Kinole, amevaa koti kwenye jua lile. Kaka Ramadhani akamwuliza, "Mtumwa wangu, umeshuka mlimani lini, mbona kwenye tambarare bado unainua miguu?" Naye akajibu kwamba amekuja kuchukua wapagazi, na ataanza na huyu dada hapa. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, na posa yenyewe ikapita katikati ya matusi. Ndivyo tulivyoishi miaka ishirini na tatu. Ndani ya nyumba yetu hakuna neno lililopita likiwa limenyooka. Majirani wa Kinole wakimsikia ananiita mpagazi na mimi namwita mtumwa, wanajua kwetu ni kwema.

Mwaka jana akaanza mgongo. Sasa wewe ungetegemea aseme, "Mgongo unaniuma." Wapi! Alisema, "Wewe mpagazi, mizigo unabeba wewe, mgongo unaniuma mimi, huo si uchawi?" Nikacheka. Nikamwambia Mluguru akishindwa na mkungu mmoja wa ndizi aseme tu, nitambeba yeye pamoja na ndizi zake. Akawa anakwenda chooni mara nne, mara tano, anasimama huko mpaka nasahau kama ametoka. Nikimwuliza, anasema anahesabu nyota za Kinole kwa sababu za Tabora ziliibwa. Na mimi najibu, basi zihesabu vizuri usije ukaruka moja. Wallahi, dada, nilisema hivyo. Mwanamume amesimama chooni, mkojo hautoki, na mimi niko ndani nacheka ndani ya shuka. Tuliucheka ugonjwa ule mwaka mzima. Mwanamke mwingine yeyote, aliyeolewa na mtu anayesema maneno ya kawaida, angeshtuka siku ya tatu.

Siku niliyojua kuna jambo ni siku aliyoniambia neno lililonyooka. Aliingia ndani, akakaa, akasema, "Mama Shani, nimekojoa damu." Hakuniita mpagazi.

Tukashuka mjini, vipimo vikaanza. Damu, picha, mara wakatoa kinyama kwenye tezi, mara tukatumwa Dar na kurudi. Mwisho daktari akatukalisha. Ni kijana mdogo, tungeweza kumzaa, lakini anaeleza vizuri. Alisema ugonjwa huu unalishwa na homoni za kiume, na homoni hizo zinatengenezwa kwenye korodani. Ukiunyima chakula unasinyaa, hata ukiwa umeshafika mifupani. Hauponi kabisa, hakutuficha, lakini unaweza kulala hata miaka. Kuna sindano ya kila miezi mitatu, ila siku nyingine haipo, na mtu akikosa zamu yake ugonjwa unaamka. Au kuna upasuaji mdogo wa kuondoa korodani zote mbili, mara moja, yakaisha. Halafu akanigeukia mimi. "Mama, akianza kusikia miguu mizito au ganzi, msingoje siku ya kliniki. Uti wa mgongo ukibanwa, tunahesabu saa, hatuhesabu wiki."

Baba Shani alimshukuru, akavaa kofia yake, akatoka. Tulipofika Kinole alichukua panga akaenda kwenye migomba, na kuhusu upasuaji hakutaka kusikia.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili ndilo linaloniua. Nilikuwa mke mwema. Nilijiapiza kwamba sitamtania tena, nilishacheka vya kutosha. Uji nampelekea kwa magoti yote mawili. "Pole, mume wangu." "Taratibu, mume wangu." "Pumzika, mume wangu, ndizi nitakata mimi." Akinichokoza, najibu kwa sauti ya msibani. Nikaona ndiyo heshima, ndiyo mapenzi. Wiki tano nilimfanyia hivyo, na kila siku akawa anazidi kunyamaza, na mimi nikadhani ni ugonjwa.

Nilipoona siku zinayoyoma, nikapanda kwa mjomba wake, Mzee Kibwana. Hawa si kama sisi, dada. Kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli ya mwisho juu yake ni mjomba. Nilimkuta anaanika pilipili manga za mwanzo kwenye mkeka. Nikajikunja, nikaeleza yote, hadi yale ya aibu. Alisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia.

"Umefanya vizuri kuleta, mkwe," akasema. "Lakini jambo la kumpunguza mtu wetu si la mtu mmoja. Tutakaa ukoo, tukimaliza kuchuma."

"Mjomba, daktari amesema haifai kungoja."

"Daktari ana mgonjwa. Sisi tuna mtu."

Pilipili zilizobaki mitini zilikuwa mbichi kabisa, kuzimaliza ni miezi. Nilishuka ule mteremko kwa hasira, nikafika chini nimeuma mdomo mpaka unatoka damu.

Basi Jumatatu hii asubuhi tulikuwa njiani kwenda shambani. Yeye mbele, mimi nyuma na ndoo. Mvua ilikuwa imenyesha. Kandambili yake ya kulia ikachomoka, ikabaki imenasa kwenye tope. Naye akaendelea. Nikangoja ageuke aichukue. Hakugeuka. Anakanyaga mawe yale makali kwa mguu mtupu, hatua ya tano, ya kumi, hana habari. Mwisho nikasema, "Baba Shani, kandambili."

Akatazama chini. Akautazama ule mguu muda mrefu, unavuja damu kwenye kidole. "Imetoka saa ngapi?" akaniuliza.

Nikaweka ndoo chini. Nikamwambia kwa ule upole wangu, "Twende hospitali, mume wangu." Akakaa juu ya jiwe, akasema haendi. Nikambembeleza. Akasema, "Usinibembeleze. Niambie alichokuambia daktari."

"Si ulikuwepo?"

"Alikuita pembeni. Tangu tutoke kule hujanitukana hata mara moja. Mume wangu, mume wangu, mume wangu. Miaka ishirini na tatu sijawahi kuwa mume wako kiasi hicho. Umeambiwa nakufa, ndiyo maana. Sasa mtu wa kufa mnamkata ya nini? Niacheni nizikwe mzima."

Daktari hakuniita pembeni hata dakika moja! Ni upole wangu, dada. Upole wangu ndio uliomwambia amekwisha. Mimi nampa uji kwa magoti, yeye anahesabu siku zake. Wiki tano nzima tumezipoteza namna hiyo, na uti wa mgongo unabanwa.

Nikajua lazima nimtukane palepale. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Mimi Zuhura, ambaye sijawahi kukosa neno la kumpa Mluguru, nimesimama kwenye tope nimeshika kandambili, kichwa cheupe. Mwisho nikasema, "Inuka, mtumwa mjinga wewe. Ningekuwa nimeambiwa unakufa, si ningeshachagua Mluguru mwingine, mrefu kidogo?" Halikuwa tusi zuri, maana sauti ilikatika katikati na machozi yalikuwa yanachuruzika.

Alinitazama sana. "Warefu hawapo," akasema.

Kisha akanishika bega, akainuka.

Tulipata pikapu iliyokuwa inashusha ndizi mjini, akawekwa mbele na dereva, mimi nikabanwa katikati yao. Njia nzima nilimtukana. Nilitukana koti lake, nilitukana urefu wake, nilitukana ukoo wake unaofanya kikao hata cha kukata kucha. Naye anarudisha. Dereva alitutazama akaona amepakia wendawazimu. Moyoni nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa madrasa, hata za safari na za kulala, nilizichanganya zote.

Hospitalini walimlaza mara moja. Sindano, mpira wa mkojo, picha tena. Daktari akasema hakuna muda, wamkate kwanza, kisha wampeleke kwenye mionzi, na hata hivyo haahidi kitu kuhusu mguu. Jumanne wakaleta fomu. Baba Shani akashika kalamu, haandiki. Akasema polepole, nesi asisikie, "Mpagazi, baada ya hapa nitakuwa nani?"

Mungu anisamehe nilichojibu. Nikamwambia, "Utakuwa Mluguru yuleyule. Hizo zilistaafu siku nyingi, barua tu ndiyo ilichelewa kukufikia."

Alicheka, dada. Alicheka mpaka mpira ukamwuma akawa anaguna na kucheka kwa pamoja, nesi akatukazia macho. Akatia sahihi. Alipomaliza kucheka akaanza kulia, na hapo sikumtania. Nilimshika kichwa nikakilaza kifuani mpaka alipotulia.

Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi, nusu ya muda niliokuwa nimejiandaa kuogopa. Tatizo ni mguu. Kila asubuhi daktari anakuja, anafunua shuka, anapitisha ncha ya kalamu kwenye unyayo. Wa kushoto Baba Shani anauvuta, tena anamwambia daktari akatafute mtu wa kumtekenya huko nyumbani kwake. Wa kulia ananitazama mimi usoni ajue kama umeguswa. Nami nimejifunza kuuzuia uso wangu, lakini nadhani ananisoma.

Jana adhuhuri alikuja Mzee Kibwana na mananasi mawili. Hakukaa. Alisimama miguuni pa kitanda akauliza, "Nani alitia sahihi?" Baba Shani akasema, "Mimi, Mjomba." Mzee akasema sawa, akamwombea dua, lakini alipokuwa anaondoka alinitazama mimi, na jicho lile nimelielewa. Akipona, amepona. Akifa, nitakuwa yule Mnyamwezi aliyemshusha mtoto wa watu kwenye gari la ndizi akamkatisha bila kikao. Sina pa kusimama Kinole nikisemwa hivyo. Na wala si hilo linaloniogopesha zaidi. Linaloniogopesha ni kwamba kabla ya mguu kulikuwa na wiki tano, na kabla ya wiki tano kulikuwa na mwaka, na mimi nilikuwepo muda wote huo.

Sasa ombi. Jana jioni mama alipiga. Najua alipiga kwa mapenzi. Lakini alilia kwenye simu, "Pole, mwanangu, Mungu akupunguzie, mwanangu." Baba Shani alimwitikia kwa adabu, akanirudishia simu, akageukia ukutani. "Hata huko wameshaambiwa?" akaniuliza. Tangu hapo chakula hajagusa, na leo mchokozo wangu wote ameujibu kwa mkono tu, hivi, kama anafukuza nzi.

Kwa hiyo naomba mtukaneni Baba Shani. Barua hii ikikufikia, mwite Kaka Ramadhani umsomee hapa tu, usimsomee kwingine, kaka mwenyewe ana haya. Mionzi inaanza Jumatatu. Jumatatu asubuhi apige simu, na asiulize anaendeleaje. Amwulize kama huko Dar wamempima ugonjwa au wamempima urefu. Aseme amesikia kuna Mluguru ameshuka mlimani kwa pikapu kwa sababu kutembea kumemshinda. Aseme lolote, kali kabisa, mimi nitakuwa hapo. Ninyi wote mliomzoea fanyeni hivyohivyo. Mama ni mkwe wake, hawawezi kutaniana, najua. Basi amsalimie kwa kifupi, amwulize habari za ndizi, na akitaka kulia ampe mtu mwingine simu.

Najua ni kitu kigumu ninachowaomba. Mimi mwenyewe namtania mchana kutwa, halafu nakwenda kufua nguo zake bombani na huko ndiko ninakomalizia machozi. Kuna kitu kinanijia hata nikikifukuza. Namwona Kaka Ramadhani amesimama mbele ya jeneza kule Kinole, amewazuia watu njia, anafanya mzaha kama watani wanavyofanya kwenye mazishi, na watu wanacheka, na mimi nimekaa ndani na kanga usoni. Dada, sitaki utani ule. Nataka huu wa sasa, wakati mwenyewe anaweza kujibu.

Msalimie sana Kaka Ramadhani na wifi yangu, mkewe. Msalimie Shangazi Mwashi, mwambie dawa yake ya kuchua ilifika na nimemchua nayo mkwe wake, haikudhuru. Mjukuu wako mbusu shavuni kwa niaba yangu, sijamwona na tayari ana meno. Shani anakuamkia; amesimama hapa ananihimiza kwa sababu basi halingoji, na hajui nilichoandika, anajua tu ni kirefu. Muombeeni baba yake mkimaliza kumtukana.

Ni mimi mdogo wako, niliye mbali nanyi na ninayewahitaji,

Zuhura

Nimeifungua tena kabla Shani hajaichukua. Baba Shani amelala chali, amefumba macho, lakini najua hajalala. Nimefunua shuka nikampitishia kalamu hii kwenye unyayo wa kulia, kutoka kisiginoni hadi vidoleni, kama daktari anavyofanya. Hajasema kitu. Nimepitisha tena, kwa nguvu zaidi. Nasubiri anitukane.